Matanga ya Alama Kumi na Nane

Mwalimu Moubarak alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nina kisa naye. Hakuwafokea wanafunzi, hakuchelewa kufika, hakuomba wasichana namba za simu. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alipenda mno kwao kwa watu. Yeye alizaliwa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura, baba yake Buyenzi, babu yake Buyenzi, na kutoka mlangoni kwao hadi msikiti anaposali Ijumaa si mwendo wa kumaliza hata kipande cha muwa. Mtu ambaye hajahama hata mtaa ndiye aliyekabidhiwa kuwafundisha uandishi watoto waliokimbia nchi.

Chuo chenyewe kilikuwa mtaa wa Mutanga Sud, chuo kidogo cha binafsi cha kuandaa walimu wa Kiswahili. Nusu ya darasa la mwaka wa pili walikuwa Wakongo wenye karatasi za ukimbizi, wanaolipiwa na wafadhili. Mwalimu akawaza kwa moyo safi kabisa: hawa wamebeba nchi nzima vichwani, ya nini kuwasumbua na insha za faida za misitu? Basi kila zoezi likawa la kwenu. Eleza chakula cha kwenu. Eleza harusi ya kwenu. Mto wa kwenu, jiko la kwenu, mama mkwe wa kwenu.

Wanafunzi walichoka hadi basi. Mkimbizi ameshaulizwa kwao tangu mpakani. Afisa wa kwanza alimwuliza, wa pili akamwuliza tena aone kama maneno yatalingana, wa tatu akaandika kwenye kompyuta, na umeme ukakatika, wakaanza upya. Trésor, aliyetoka Bukavu akiwa na miaka minne na hakumbuki hata rangi ya mlango wa kwao, alitunga sherehe nzima ya mavuno yenye ngoma kumi na mbili na wazee waliopakwa chokaa usoni. Akapata kumi na saba juu ya ishirini.

"Mwalimu anataka ngoma," aliwaambia wenzake. "Mi namupatia ngoma."

Benite hakuweza mchezo huo. Yeye alitoka Uvira akiwa na miaka kumi na mitatu, akili timamu, anakumbuka kila kitu. Walivuka mpaka kwa miguu, yeye na mama yake Consolée na baba yake Musafiri. Baba akawakalisha upande huu, chini ya hema la watu wa msaada, akasema anarudi kumchukua mama yake mzazi, kesho mchana watakuwa wote pamoja. Bibi akafika baada ya wiki mbili, ameletwa na majirani. Hakuwa amemwona Musafiri, wala hakusikia kwamba mwanawe alikuja kumtafuta. Bibi mwenyewe akafia hapahapa Bujumbura, na miaka ikaenda mpaka ikawa tisa.

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo lote liko hapa. Katika ukoo wa Musafiri, kilio hakijifungui chenyewe. Mtu akifa, hata kama maiti imelazwa sebuleni, hakuna anayelia kwa sauti mpaka mtoto wake wa kwanza asimame mbele za watu, amtaje baba au mama yake jina, amlilie. Mke akitangulia kulia, watasema alikuwa akiingoja siku hiyo. Ndugu akitangulia, watasema anatamani mali. Mtoto wa kwanza akishalia, wanaume wa ukoo wanasimama na kuvua kofia, na tangu hapo mtu huyo ni marehemu. Kabla ya hapo yuko safarini. Mkewe ni mke, na nyumba yake ni nyumba yake.

Mtoto wa kwanza wa Musafiri alikuwa Benite, na hakuzaliwa mwingine.

Ndiyo maana baba yake mdogo, Fabrice, alimkalia kooni tangu alipotimiza miaka kumi na minane. Fabrice alikuwa na kiwanja kizuri mtaa wa Gihosha, si mbali na vyumba viwili alivyopanga Consolée. Kila Jumapili baada ya misa alipita.

"Benite, mama, fungua kilio ya baba yako, tupumuzike," alimwambia kwa sauti ya kubembeleza.

Alikuwa na lake moyoni, na wala hakulificha. Nyumba ya Musafiri ilikuwa bado imesimama Uvira, ufunguo uko kwa jirani, na mnunuzi alikuwa amepatikana.

Consolée hakugombana naye. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anauza mawese sokoni na kurudi jioni mikono imemkolea rangi. Alisema kitu kimoja tu, na alikisema kila mwaka vilevile.

"Shemeji, siku atarudi, atatutafuta kwanza pale. Akikuta batu bengine ndani, ataenda wapi?"

Na Benite alikuwa upande wa mama yake. Hakujua kama baba yuko hai. Wakati mwingine, akioga, akitembea, alijua kabisa kwamba hayupo. Lakini kufungua kilio kungekuwa kumvua mama yake mume mchana kweupe, na hilo aliapa hatalifanya.

Insha ya mwisho wa mwaka ikaja: mtu niliyemwacha kwetu. Benite akaandika ukweli. Akaandika hema, na bibi aliyefika peke yake, na mama anayegeuza shingo kila akisikia mwanamume anakohoa nje ya ua. Ikarudi na tisa juu ya ishirini. Chini yake Mwalimu Moubarak ameandika kwa wino mwekundu: Unaandika vizuri, lakini hakuna mwisho. Umemwacha msomaji mlangoni. Na utamaduni uko wapi?

Tisa haikumfikisha popote. Bila kumi na mbili hapangiwi shule ya kufanyia mafunzo, na asiyepangiwa shule wafadhili wanamwondoa kwenye orodha. Akapiga moyo konde, akamfuata mwalimu ofisini.

"Baba yuko wapi sasa?" Moubarak aliuliza taratibu.

"Hatujui, mwalimu."

"Miaka tisa?"

"Tisa."

Moubarak akainamisha macho. Moyo ulimwuma kweli, sitamsingizia. "Sisi, Benite, mtu akipotea hivyo tunamsalia sala ya maiti ingawa maiti haipo. Watu wanakula, wanaomba dua, roho zinatulia. Nyinyi mnafanyaje?"

"Sisi hatufanyi kitu mpaka kilio kifunguliwe."

"Kinafunguliwa?" Mwalimu akavuta kiti mbele. "Kinafunguliwaje?"

Benite akajua ameshasema mno, lakini akaeleza. Na kadiri alivyoeleza ndivyo mwalimu alivyozidi kung'aa uso, mpaka akachukua kalamu na kuanza kuandika mwenyewe.

"Hiyo ndiyo insha yako. Andika kilio cha baba."

"Hakijafunguliwa, mwalimu."

"Andika kana kwamba kimefunguliwa. Ni insha hii, si hati ya kifo."

Benite akaenda nyumbani na maneno hayo. Mama yake alikuwa sokoni. Akakaa mezani akayageuzageuza, na mwisho akajiambia kwamba karatasi haina mdomo, karatasi hailii. Kilio ni cha watu na sauti, hii ni ya alama. Akaandika.

Tatizo ni kwamba maishani alikuwa ameona kilio kimoja tu, cha babu, akiwa na miaka minane, na alichokumbuka ni moshi na uji. Yaliyobaki ilibidi ayatie chumvi. Akaandika kwamba moto huwashwa kwenye lango na haulali siku tatu. Akaandika kwamba mikeka hukaliwa upande wa chini. Na alipofika katikati, akaona insha inahitaji kitu kinachouma, kwa sababu mwalimu aliwafundisha hivyo, kila insha iwe na mahali panapouma. Akaandika kwamba binti wa kwanza humnyoa mama yake nywele kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya ukoo wote. Hilo halikuwepo kwao wala kwa jirani zao. Alilitoa kichwani mwake, pale mezani, akiwa anatafuna kalamu.

Alipata kumi na nane. Chini Mwalimu Moubarak aliandika neno moja: Nimelia.

Kama mambo yangeishia hapo, kila mtu angelala usingizi wake. Lakini chuo kikachapa insha bora kwenye kijitabu, chenye picha ya ziwa kwenye jalada, na wafadhili wakaalikwa siku ya Jumamosi asubuhi kuja kusikiliza wanafunzi wakisoma. Familia pia zilialikwa. Benite alipopewa barua ya mama yake aliichana chooni. Hakumjua mwalimu wake vizuri. Moubarak alitafuta namba ya Consolée kwenye fomu ya usajili, akampigia mwenyewe.

"Mama, usikose. Mtoto wako ametuheshimisha."

Consolée akafunga meza yake ya mawese siku hiyo, akavaa kitenge alichokuwa akikiweka kwa ajili ya siku ya diploma. Na kwa kuwa mwanamke haendi peke yake mbele ya wakubwa wa shule, akamwambia shemeji yake amsindikize.

Benite aliwaona alipokwisha kupanda jukwaani. Mama safu ya pili, mikono mapajani, anatabasamu kwa aibu. Baba mdogo pembeni yake na kofia yake ya kijivu. Akafungua kijitabu, akaanza kusoma, na huku anasoma anapanga: atasoma hema, atasoma bibi, halafu ataruka kilio chote aende moja kwa moja kwenye shukrani. Hakuna atakayejua. Akageuza kurasa mbili kwa pamoja.

"Umeruka ukurasa, Benite," Mwalimu Moubarak akasema kutoka kiti cha mbele, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwokotea mwenzake leso iliyoanguka. Kijitabu chake kilikuwa wazi mapajani, anafuatisha kwa kidole. Wageni wote nao walikuwa na vyao.

Angeweza kushuka. Nimelifikiria sana hilo, na yeye amelifikiria kuliko mimi. Angeweza kusema tumbo linamsokota, akatoka, akakosa alama, akakosa shule, akauza mawese na mama yake. Lakini alikuwa na miaka ishirini na miwili na ukumbi mzima unamtazama, na mkono ukarudisha ukurasa.

Akasoma. Alipofika mahali pa kumtaja baba jina, alidhani atalipita kama maneno mengine. Lakini miaka tisa hakuwa amelitamka kwa sauti. Jina likamkwama, likatoka nusu, likatoka tena lote: Musafiri, baba yangu. Na machozi yakaja ambayo hakuyaita, akalia pale jukwaani mdomo wazi, kijitabu kimeshikwa kichwa chini.

Fabrice akasimama. Akavua kofia.

Wageni walipomwona mzee wa familia amesimama kwa heshima, nao wakasimama. Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi, mwanamke mmoja wa wafadhili akifuta macho kwa kitambaa. Katika watu wote wale, aliyebaki ameketi alikuwa Consolée peke yake, anatazama migongo ya watu.

Baadaye kukawa na soda na sambusa. Moubarak akamfuata mama mtu, akampa mikono yote miwili.

"Mama, umezaa mwandishi. Na pole sana kwa msiba wa baba."

"Asante, mwalimu," Consolée akasema. "Mi nimeusikia leo, pamoja na nyinyi."

Moubarak akabaki na chupa yake ya soda mkononi. Alianza kuelewa, lakini alichelewa.

Kufikia saa nane mchana Fabrice alikuwa ameshapiga simu kwa ukoo wote, na viti vya kukodi vikaanza kuingia kiwanjani kwake. Benite akamkuta anahesabu vikombe.

"Baba mudogo, ile ilikuwa kazi ya masomo."

"Ulimutaja jina?"

"Nilimutaja, lakini..."

"Mbele ya batu?"

Benite akashika kikombe kimoja, akakirudisha.

"Ulilia ama haukulia?" Fabrice hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo alipotisha. "Mi ni miaka ine ninakuomba, unakataa. Leo umefanya kwa kupenda kwako. Sasa ulifikiri baba yako atakufa kwa chuo, halafu nyumbani anabaki muzima?"

Benite akampigia mwalimu simu. Moubarak akaja jioni ileile, kwa haraka, kofia yake nyeupe kichwani, na kwa ule wema wake usiokuwa na breki akaja na vijitabu kumi kama zawadi kwa familia. Akamweka Fabrice kando, akamweleza kwamba ni yeye aliyemwagiza msichana aandike vile.

"Ulimwagiza alie?" Fabrice akauliza.

"La. Hilo sikumwagiza."

"Basi ulimwagiza maandishi. Kilio ni chake." Akapokea vijitabu, akashukuru, akavigawa.

Na vijitabu hivyo vikapata kazi. Maana watu wale walikuwa wametawanyika miaka mingi, wazee waliojua taratibu wameishia kwenye makambi, na waliokusanyika walikuwa wanaulizana kama ni uji kwanza au maombi kwanza. Kijana mmoja akafungua kijitabu akasema mbona yote imeandikwa humu. Basi wakawasha moto langoni. Wakageuza mikeka. Kila walipokwama walimwita Benite: soma, baada ya hapa ni nini? Naye akasoma, akilivuta kila neno, maana alijua ukurasa unaofuata una nini.

Siku ya pili asubuhi Fabrice akaja na wembe mpya kwenye sahani.

"Baba mudogo, hii apana. Hii niliitunga. Haiko kwetu."

Fabrice akasoma mstari ule tena, polepole, midomo ikicheza. "Iko," akasema. "Nyanya yetu mukubwa alinyolewa hivi. Ninakumbuka."

Wengine wawili nao wakakumbuka. Mmoja alikumbuka hadi mti aliokuwa amekalia.

"Mama," Benite akasema, "wallahi, Mungu ananiona, niliitunga."

Consolée alikuwa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Hakuwa amelia tangu ukumbini, wala hakuwa amemsemesha binti yake neno. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka magotini.

"Nyoa," akasema. "Lakini usinikate."

Benite akamnyoa. Nywele zilikuwa na mvi nyingi kuliko alivyodhani, zimefichwa chini ya kitambaa miaka yote, na nyuma ya sikio palikuwa na kovu ambalo hakuwahi kuliona. Alimaliza bila kumkata. Mwalimu Moubarak alikuwa amekuja tena kutoa pole, amesimama karibu na lango, na alipoona wembe alitoka bila kuaga. Nasikia tangu siku hiyo amerudia insha za faida za misitu.

Siku ya tatu mchana moto ukamwagiwa maji, viti vikarudishwa. Fabrice akapanda gari kwenda mpakani kuonana na mnunuzi. Wakabaki wawili kwenye mkeka, mama na binti, na vikombe vya kuosha.

"Benite."

"Mama."

"Alikufa namuna gani?"

"Mama, mi sijui. We unajua sijui."

"Ulijua kumulilia. Ulijua kuninyoa. Hii tu ndo haujui?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyouliza bei. "Niambie. Mi nimebaki mujane, na sijui ya nini."

Benite akatazama kile kichwa kisichokuwa na nywele. Akaelewa kwamba anaombwa kitu, na kwamba hana haki tena ya kukataa. Na kitu hicho alikuwa amefundishwa: mpe msomaji saa, mpe mahali, mpe mtu mwenye jina.

"Ilikuwa asubui," akasema. "Kiliba, pale kwa mashamba ya miwa. Alishikwa na homa njiani."

"Hawakumupiga?"

"Apana. Hakuna mutu alimugusa."

"Alikuwa peke yake?"

"Kulikuwa mama mumoja, Dévote, alikuwa anapita na mutoto. Alimulalisha kwa kivuli, akamupatia maji."

"Alikunywa?"

"Alikunywa."

Consolée akaitikia kwa kichwa polepole, macho ameyafumba. "Na alisema nini?"

"Alitaja jina yako. Alisema, Consolée."

Mama akafumbua macho. Akamtazama binti yake kwa muda, bila chuki, kama mtu aliyepewa chenji pungufu na anajua muuzaji hana nyingine.

"Baba yako hakuniita vile hata siku moja," akasema. "Tangu uzaliwe aliniita Mama Benite." Akavuta kikombe kimoja, akakipangusa kwa kitenge. "Rudilia. Rudilia vizuri."

Benite akarudilia. Asubuhi, Kiliba, homa, kivuli, maji. Na mwisho, Mama Benite. Ndipo Consolée akaweka kikombe chini, akamlilia mumewe.